Walzi kwa Ngamia Aliyenyima Maziwa

Wiki iliyopita niliingia katika hoteli moja ndogo karibu na soko la mifugo la Garissa nikaagiza maziwa. Mwenye hoteli aliyamimina kutoka katika chombo kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, kama inavyopasa, na kabla sijaonja ile harufu ya moshi ikanipanda puani. Watu wa rika langu waliokulia huku wanaijua. Mama zetu walitia kijinga ndani ya chombo kitupu, wakakizungusha mpaka kikawa cheusi ndani kama masizi ya sufuria, na maziwa yaliyowekwa humo hayakuchacha upesi. Nilikaa na bilauri mkononi bila kunywa. Nilikuwa nimekumbuka majira ambayo mama yangu alifukiza chombo chake kila asubuhi kwa mazoea tu, na hakukuwa na kitu cha kutia ndani.

Zilikuwa zama za shifta, waasi waliopigana na serikali. Wakubwa walizungumza habari za bendera na mipaka, nami sikuelewa neno. Vita nilivielewa kwa njia ya ngamia. Awali tulikuwa na ngamia wengi na tulihama nao. Kisha ikaja amri kwamba sote tukae mahali pamoja nje ya mji, ndani ya ua wa miiba na waya wenye lango moja na askari. Watu waliita mahali hapo manyata. Lango lilifunguliwa asubuhi na kufungwa jua likianza kushuka, na upande wa machakani palipangwa mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Mnyama aliyevuka mawe hayo alipigwa risasi. Ngamia wetu wengi walichukuliwa, na baba naye alichukuliwa kuhojiwa, akakaa huko. Tuliobaki tulikuwa mama yangu, mdogo wangu Bishaar ambaye alikuwa hajaanza kukaa, mjomba wangu Dahir, mimi, na Siraad, ngamia jike mweupe mwenye ndama.

Kazi yangu ilikuwa kumpelekea Bwana Mwakio chupa ya maziwa kila asubuhi. Huyu alikuwa Mtaita, mtunza bohari ya serikali nje ya lango, mtu mzima mwenye tumbo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa amepiga muziki katika bendi ya dansi huko Mombasa, na alikuja na kodiani yake, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku la misumari, akipiga kitu ambacho sikuwahi kusikia mfano wake. Nilisimama mpaka akamaliza, kisha nikamuuliza lile lililokuwa la maana kwangu.

"Huu wimbo ni wa mnyama gani?"

"Mnyama?"

"Ni wa mbuzi au wa ngamia?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ni wa watu, binti. Unaitwa walzi. Mwanamume anamshika mwanamke hivi, wanazunguka. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu."

"Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanazunguka tu."

Sikumwamini. Kwetu nyimbo nyingi nilizozijua zilikuwa na mnyama wake na kazi yake. Upo wa kumnywesha ngamia kisimani, upo wa kumpakia mizigo, upo wa kumwongoza njiani, na upo wa kumrudisha zizini. Kwamba watu wazima hushikana na kuzunguka pasipo kazi yoyote, hilo halikuingia kichwani. Nilihesabu mapigo yale matatu njia nzima, na kufika nyumbani nilikuwa nimekata shauri: ulikuwa wimbo wa mnyama wa miguu mitatu, ila Bwana Mwakio aliona haya kumtaja.

Muda si mrefu ndama wa Siraad alivuka mawe ya chokaa. Alikuwa akifuata kichaka cha majani mabichi. Tulisikia mlio mmoja wa bunduki, na Siraad akainua shingo. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumchukua, na asubuhi fisi walikuwa wameshamaliza kazi yao.

Asiyefuga ngamia huenda asijue uzito wa jambo hilo. Ngamia hashushi maziwa kwa ajili ya mtu, humshushia mwanawe. Ndama hunyonya kwanza, mama akilegea, ndipo mkamuaji anapompokonya zamu. Ndama akifa, watu humchuna, hujaza ngozi nyasi na kuisimamisha mbele ya mama. Mama huinusa, hudanganyika au hukubali kudanganyika, na maziwa hushuka. Sisi ngozi hatukuwa nayo. Ilikuwa ng'ambo ya mawe, imechanwa vipande vipande. Mjomba alijaribu kwa upole, kisha kwa maneno, kisha kwa hasira. Kiwele cha Siraad kilikuwa kimejaa, kimekaza kama ngoma, na hakutoa tone.

Mama alikuwa ametoka katika homa kali na kifua chake kilikuwa kimekauka. Mbuzi hatukuwa nao tena. Jirani aliyekuwa na kidogo alitugawia, mpaka naye akaishiwa. Bishaar alipewa maji ya sukari, akatapika. Alipewa uji mwepesi, akatapika. Kilio chake kilianza kupungua sauti, nami nikafurahi, nikidhani anapata nafuu. Nilimwambia mama, "Leo hajalia sana." Mama alinitazama, akamfunika mtoto uso kwa pembe ya shuka yake. Ndipo nilipofahamu kwamba anaishiwa nguvu.

Jioni ile nilikwenda kwa Siraad nikiwa na wazo langu. Katika nyimbo zetu zote niliyoupenda zaidi ulikuwa ule wa kisimani, kwa sababu wanaume huuimba wakipokezana ndoo, na sauti hutoka chini ya ardhi kabla ya maji. Nikaona hakuna mama ambaye moyo wake hautalainika. Nikasimama karibu na sikio lake, nikaimba kwa roho yangu yote.

Siraad alisimama. Mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba, kama ilivyokuwa desturi wakati wa kufungwa lango, lakini alisimama hivyo hivyo na kuondoka kwa miguu mitatu, akielekea mtoni. Ngamia wa majirani, waliokwisha kukauka maziwa, nao wakainuka wakamfuata. Nilikuwa nimewaambia kuna maji. Mbele yao palikuwa na lango lililofungwa na askari aliyekwisha kutoa bunduki begani.

"Simama!" alipiga kelele. "Nani mwenye hawa? Nitapiga!"

Mjomba Dahir alitoka mbio akiwa na kiatu kimoja. Hakumpigia ngamia kelele wala hakushika kamba. Aliimba, huku anahema, wimbo wa kurudi zizini. Siraad alipunguza mwendo, akageuka, na wengine wakageuka nyuma yake. Mjomba alimwinulia askari mikono yote miwili, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Abti," aliniita. Kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lile lile analoitwa yeye, kama mama anavyomwita mtoto *hooyo*, yaani mama. "Abti, unataka kutumaliza? Wimbo si pambo. Wimbo ni amri. Umempa mnyama amri, akaitii."

"Nilitaka kumliwaza."

"Hakuna wimbo wa kumliwaza. Ngamia mwenye msiba hupewa ngozi ya mwanawe."

"Na ngozi hatuna."

Aligeuka, akarudi kutafuta kiatu chake.

Nililala na maneno hayo. Ikiwa kila wimbo wetu ni amri, basi hakuna wimbo wetu utakaofaa, kwa sababu Siraad hakuhitaji kuambiwa aende popote. Ulihitajika wimbo usioamrisha kitu. Nami nilijua mahali ulipo wimbo wa watu wanaozunguka bila kwenda popote. Na kile nilichokuwa nimeshindwa kukipata, mnyama wa miguu mitatu, nilikuwa nimemwona jioni ile kwa macho yangu akitembea mbele ya lango. Kwa akili yangu ya kitoto mambo yote yalikaa sawa. Walzi ulikuwa wimbo wa ngamia aliyefungwa mguu.

Bwana Mwakio alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka. "Wakiniuliza nafanya nini ndani ya manyata, nitasema nini?" alisema. Halafu akaanza kufunga mikanda ya kodiani.

Langoni askari alimfungulisha sanduku. "Kuna nini humu?"

"Kinanda, afande."

"Unampelekea nani?"

"Ngamia."

"Mzee, unanifanyia mzaha?"

"Ningekuwa na mzaha, afande, ningesema nampelekea mke wangu. Yeye alikwisha kuchoka nacho."

Askari alimwamuru akipige hapo hapo ili ahakikishe. Bwana Mwakio akapiga, na mguu wa askari ukaanza kugonga udongo wenyewe. "Pita. Lakini kabla ya kufunga lango uwe nje."

Mbele ya Siraad alipiga walzi wake bora, ule wa maharusi, wenye kupanda na kushuka kama bembea. Watoto wa manyata walipiga makofi. Siraad alilaza masikio, akatafuna, akakusanya, kisha akamtemea Bwana Mwakio donge la kijani kutoka kolani mpaka mkanda wa suruali. Manyata nzima ikaangua kicheko. Mjomba, aliyekuwa tayari na bakuli lake la mti, alilishusha akazungumza Kiswahili chake cha sokoni.

"Bwana Mwakio, kinanda yako fizuri. Beleka harusi. Hii mama nalia mtoto yake."

Bwana Mwakio alijipangusa kwa leso. "Ana haki," alisema. "Nimekuja matangani nikicheka."

Siku zilizofuata nilishinda boharini. Mimi si mtu aliyesomea muziki. Majina ya mambo niliyoyafanya siku zile niliyapata baadaye sana, peke yangu, katika vitabu vikuukuu nilivyovinunua barabarani. Wakati ule nilikuwa na njia moja tu. Kila jioni Siraad alielekeza shingo upande wa mawe ya chokaa akatoa sauti ya chini, yenye mtikisiko ndani yake, kama vitu viwili vinavyosuguana. Nilianza kuitafuta sauti hiyo. Nilibonyeza kibonye kimoja cha kodiani, si hicho. Nikabonyeza jirani yake, si hicho. Nikavibonyeza vyote viwili pamoja, chini kabisa, na vinyweleo vya mikono vikanisimama.

"Hivyo viwili havikai nyumba moja," Bwana Mwakio alisema kutoka nyuma ya magunia ya saruji. "Achia kimoja."

"Lakini ndivyo anavyolia."

Alikuja akaketi. "Piga tena." Nikapiga. Akaweka chini yake sauti nzito ya besi, ile ambayo sikuitarajia, na chumba kikawa kama kimeingia kivuli. "Tulikuwa na mpiga tarumbeta aliyependa mambo haya," alisema. "Hakuyapiga mpaka wachezaji wamekwenda zao. Alisema hiyo ndiyo jazi yenyewe, nyingine ni ya kuuzia bia."

Mapigo nayo niliyachukua kwa Siraad. Nilimfuata nyuma alipokuwa amefungwa mguu, nikisikiliza. Mguu wa kwanza ulitua kwa uzito wote. Wa pili uliburutwa. Wa tatu ulichelewa, ukachelewa, mpaka ukadhani hautafika, kisha ukafika. Nilipougonga mwendo huo juu ya sanduku la misumari, Bwana Mwakio alitikisa kichwa. "Mtu akicheza hii ataanguka." Nikamwambia haichezwi na mtu.

Kilichobaki ni ule uzi wa juu wa kuimbika. Niliufanya ushuke hatua nne, usimame, kisha upande kana kwamba unarudi ulikotoka, lakini utue kidogo tu chini ya pale, ili sikio libaki limesimama mlangoni. Ndipo uanze tena. Hapo tuligombana.

"Mbona haurudi nyumbani?" aliniuliza. "Wimbo lazima urudi nyumbani. Hata mlevi hurudi."

"Ukirudi nyumbani utakuwa amri ya kurudi. Atainuka aende zizini."

Aliupiga kama nilivyotaka, kutoka mwanzo, kwa mikono yake mizoefu, na alipofika pale pasipo nyumbani akarudia, na akarudia tena. Alipoacha, hakunitazama. "Binti," alisema, "huu unatisha." Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, na hata leo, baada ya kujua kanuni ambazo nilikuwa nikizivunja, nisingeubadilisha popote.

Asubuhi iliyofuata lango lilipofunguliwa Bwana Mwakio aliingia na kodiani, tukaenda moja kwa moja kwa Siraad. Bishaar alikuwa amekwisha kuacha kulia kabisa. Alikuwa mgongoni kwa mama, macho nusu wazi, midomo imepasuka, na mama alisimama kando na chombo chake kilichofukizwa kana kwamba ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mikono yangu haikuweza kuvuta mivukuto kwa muda mrefu, kwa hiyo kodiani iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa; Bwana Mwakio alivuta na kushika besi, na vibonye vikawa vyangu.

Sauti ya kwanza ilipotoka, mwanamke mmoja aliwavuta wanawe ndani. "A'udhu billahi," alisema, "mnaita majini mchana?" Mwingine akajibu, "Mwache. Majini hayatatukuta na kitu." Hakuna mtoto aliyepiga makofi. Nilimwona mjomba akikunja uso, na nikajua naye anatishika. Hata hivyo alikaa kama wakamuaji wa ngamia wanavyokaa tangu enzi: mguu mmoja chini, wayo wa mwingine umeegemezwa gotini, bakuli limekalishwa juu ya paja.

Siraad alilaza masikio. Nikaona koo lake likikusanya, nikajua yajayo. Nikashuka zile hatua nne, nikasimama, nikapanda, nikatua chini ya nyumbani. Siraad aliacha kutafuna.

Nikazunguka mara ya pili. Alishusha shingo polepole mpaka pua yake ikawa juu ya kodiani, akaivuta harufu ya mivukuto ambayo, nilikuja kufahamu, ilikuwa ya ngozi. Mara ya tatu, nilipofika kwenye vile vibonye viwili jirani, alitoa sauti yake. Ilikuwa ile ile. Bwana Mwakio alisema kwa pumzi, "Yarabi, ameingia kwenye besi," akavuta kwa nguvu zaidi. Tukawa watatu ndani ya wimbo.

Kisha nikasikia kitu kidogo sana. Mchirizi ukagonga mti mkavu. Ukafuata mwingine. Mjomba alikuwa ameinamisha paji la uso ubavuni mwa Siraad, na mikono yake ilikuwa ikienda upesi kuliko nilivyowahi kuiona, na sauti ndani ya bakuli ikabadilika kutoka mlio mkavu kuwa mnene, kutoka mnene kuwa wa povu.

Nilifurahi mno nikainua vidole.

Michirizi ikakatika. "Usiache!" mjomba alinguruma bila kuinua kichwa. "Abti, ukiacha tena nitakufunga mguu wewe! Piga!"

Nikapiga. Nilitambua wakati ule kwamba sikuwa nimeutungia mwisho, na kwamba nilikuwa nimefanya vyema. Wimbo unaorudi nyumbani ungekuwa umekwisha zamani. Huu ulizunguka, na kila ulipozunguka bakuli lilipanda, mpaka povu likafurika ukingoni na kuchirizika kwenye paja la mjomba hadi kifundo cha mguu wake mmoja uliosimama, naye hakuthubutu kuushusha ule wa pili. "Chombo!" aliita. "Leteni chombo, naanguka!" Mama akaja mbio. Mjomba akamimina, akarudisha bakuli pajani, akaendelea. Yule mwanamke aliyewavuta wanawe ndani alitokea na chombo chake mwenyewe, akasimama kwenye foleni ambayo haikuwapo.

Mama aliketi chini karibu na miguu ya Siraad, akamgeuza Bishaar, akachovya kidole. Tone la kwanza lilikaa juu ya mdomo wa mtoto, nalo halikwenda popote. Nilikuwa nikimtazama yeye badala ya vidole vyangu na sikukosea hata kibonye kimoja. Tone la pili lilitoweka. Mama akaacha kidole, akainamisha kikombe cha bati, na nikaona shingo nyembamba ya ndugu yangu ikimeza, ikipumzika, ikimeza. Hakutapika. Alifungua macho yote mawili, akakasirika kikombe kilipoondolewa, na akalia kilio kamili, kikubwa, cha mtu mwenye madai. Manyata nzima ikacheka, hata askari kule langoni akageuza kichwa.

Mabega yalikuwa yakiniwaka moto na vidole vimekufa ganzi. Nikamtazama mama, nikitaka anipe ruhusa ya kupumzika. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa maziwa au kwa kingine, na kikombe kilikuwa tena mdomoni mwa mtoto.

"Endelea, hooyo," aliniambia. "Bado anakunywa."